Mwimo Usiosikika

Mwimo wa mninga huishi muda mrefu kuliko nyumba yake. Kuta zikishaanguka, wenyewe wakishatangulia, mwimo bado mzima, na fundi wa Mapera mwenye kiu ya gitaa la umeme anaweza kuanzia hapo. Ang'oe misumari, apige randa, litoke lile vumbi lenye harufu, na chini ya moshi wa miaka aikute rangi ya kahawia yenye wekundu. Pembeni mwa tundu la msumari kuna duara jeusi la kutu. Hata ukipiga randa halitoki, limezama.

Lakini gitaa la umeme linasikia chuma tu. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, spika inanguruma. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Katika ngoma ya mganda, kibuyu kinachopulizwa ndicho sauti yenyewe: badilisha kibuyu, umebadilisha sauti. Kwenye gitaa la umeme, mbao kazi yake kubwa ni kuushika uzi usiyumbe. Mmarekani Les Paul alifunga nyuzi kwenye kipande cha boriti ya msonobari, akasimulia kwamba watu hawakuvutiwa hadi alipobandika ubavuni vipande vya gitaa la kawaida. Masikio yalikuwa yanangoja macho.

Basi mninga wa zamani una nini? Wanaosema mbao ina kumbukumbu inayotoka na sauti, mimi siwaamini. Una ukavu. Umeshamaliza kupinda, na shingo ya gitaa haitaki mbao yenye safari: kati ya vyuma vilivyopachikwa shingoni kugawa noti, cha kumi na mbili lazima kikae nusu ya urefu wa uzi, la sivyo noti zinakosea. Mpiga gitaa Brian May na baba yake walipoanza kuunda gitaa lao Uingereza mwaka 1963, shingo waliitoa kwenye ubao wa juu ya meko ya zamani, matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Ndilo gitaa lililosimama jukwaani pamoja na mwimbaji Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar.

Ukavu, hata hivyo, haumalizi hesabu. Mpe fundi wetu mninga mwingine, mkavu vilevile, wenye sauti ileile, umwombe mbadilishane. Atakataa. Kando ya mwimo ule alipita bibi harusi, likapita jeneza. Yeye anajua, na kujua huko hakuna waya unaokunasa. Nadhani ni maana kamili, ingawa haisikiki.

Ila maana hiyo haihami kwa urahisi. Mnunuzi wa Songea atagusa lile duara jeusi kwa kidole na kuomba apunguziwe bei. Fundi akimsimulia habari za mlango, huenda bei ikapanda. Na mnunuzi ana haki ya kushuku kwamba anauziwa hadithi.