Asiye na chama si popo

Kila uchaguzi unapokaribia, mtu asiye na kadi ya chama hupewa jina lake: popo. Si ndege, si mnyama. Ataambiwa hana msimamo, anavizia upande utakaoshinda. Wengine humwita mnafiki, neno zito ambalo siku hizi linarushwa ovyo hata kwenye baraza za bao.

Swali la kujiuliza, ndugu msomaji, ni hili. Msimamo ni kung'ang'ania nini? Ni kung'ang'ania chama, au kile ambacho mtu alikiona kuwa ni haki?

Tuanze na chama tawala. Mwaka 1967, katika Azimio la Arusha, TANU ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kuwa na nyumba ya kupangisha. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, na hayo yakaruhusiwa. Pengine ilikuwa sahihi, pengine haikuwa. Lakini aliyepiga makofi mwaka 1967 na akapiga tena mwaka 1991 anahesabiwa kuwa mtu wa msimamo. Jirani yake aliyeuliza kulikoni ndiye popo!

Wapinzani nao wasijipige kifua. Marehemu Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, na CHADEMA ikalivalia njuga sakata hilo majukwaani. Julai 2015 alijiunga na CHADEMA hiyo hiyo akawa mgombea wake wa urais, na Machi 2019 akarudi CCM. Mashabiki wangapi walikuwa na hoja ile ile katika miaka yote hiyo?

Mimi nafundisha akida darasani, na najua tofauti ya jambo la kuamini na jambo la kupima. Sera ya uchumi ni jambo la kupima. Wenye umri wanakumbuka jinsi mkazi wa Dar es Salaam alivyoomba simu ya mezani akasubiri miaka. Makampuni binafsi yalipoingia na kushindana, hata muuza mihogo akawa na simu mfukoni. Basi tuseme kila kitu kibinafsishwe? Maji ya jiji hilo hilo yalikabidhiwa kampuni ya City Water mwaka 2003, na Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Simu ina washindani, ukichoka na mtandao mmoja unanunua laini ya mwingine. Bomba la maji ni moja tu mtaani, na mwenye nalo hana wa kumwogopa. Anayeusifu ubinafsishaji wote kwa mkupuo, na anayeulaani wote kwa mkupuo, hakuna kati yao aliyepima.

Sasa tazama tozo za miamala ya simu. Zilipitishwa na Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020, karibu lote la chama kimoja, zikaanza kukatwa Julai 15, 2021. Kijana wa Kariakoo alimtumia mama yake kijijini pesa ya dawa, nayo ikamegwa njiani. Kelele zikawa kubwa, na Septemba mwaka huo huo Serikali ikazipunguza kwa asilimia 30. Je, wabunge hawakujua zitamuumiza nani? Wao pia wana mama vijijini. Sidhani kuwa walikosa huruma. Walikosa nafasi. Kwa ibara ya 71 ya Katiba, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti. Kwa ibara ya 90, Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mtu aliyefungwa kamba mbili shingoni, utamtaka apinge?

Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba mtu mmoja mmoja hajengi sera. Chama ndicho kinachokusanya watu, na wagombea huchujwa na wanachama, kwa hiyo asiye na kadi hukuta chakula kimeshapakuliwa. Ni kweli. Lakini waliopakua wanahitaji mlaji, na mlaji ambaye atakula lolote haulizwi anapenda nini. Chama chenye uhakika wa kura yako hakina sababu ya kukuhofia katika bajeti.

Tatizo langu ni jingine. Kura ya mtu huru haina pa kwenda. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, aliyesema mengi ambayo msomaji wa ukurasa huu asingeyakubali, katika hili alikuwa na haki, na insafu inatutaka tuseme hivyo. Alidai ruhusa ya mgombea binafsi, na Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 1994. Mwaka huo huo Katiba ikabadilishwa kumzuia. Akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha, ikaamua kuwa Tanzania imekiuka haki.

Hadi leo ibara za 39 na 67 zinamtaka mgombea awe na chama. Asiye nacho huchagua kati ya alichowekewa na vyama, au kilichobaki, kama Oktoba 2025 ambapo CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura. Na wanaoweza kuzibadili ibara hizo ni wabunge walioingia kwa mlango huo huo.