Kipimajoto Kibovu

Maji ya Kisumu hayachemki kwa nyuzi 100. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza maji huku ni hafifu kuliko ya Mombasa, kwa hivyo sufuria inaanza kutokota ikifika nyuzi 96 hivi. Nairobi, ambako mwinuko ni mkubwa zaidi, ni kama 94. Mpishi wa githeri akihama kutoka Likoni kwenda Nairobi atashangaa makaa yanaishia wapi. Si siri, hata silabasi inataja kwamba mgandamizo wa hewa hubadilisha kiwango cha kuchemka. Lakini ingia darasa lolote la sekondari kati ya Kondele na Ahero, uulize maji yanachemka kwa nyuzi ngapi. Utajibiwa kwa pamoja, kama salamu: mia moja.

Nafundisha kemia na fizikia katika shule ya kutwa hapa mjini, kwa mkataba wa bodi, ule wa kulipwa hela zikiingia. Tuna bureti sita na wanafunzi hamsini na nne kwa darasa. Halafu tuna projekta, na kompyuta moja (tarakilishi, kama tulivyolazimishwa kuandika kwenye insha) iliyojaa programu za maabara.

Sitajifanya sizipendi. Programu za PhET, ambazo mwanafizikia Carl Wieman alizianzisha Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2002, ni za bure na unaweza kuzipakua zikafanya kazi bila intaneti. Kwenye ile ya saketi, mwanafunzi akiunganisha nyaya vibaya betri inashika moto kwenye skrini. Darasa zima linacheka, kisha mmoja anauliza kwa nini, na hapo somo limejianzisha lenyewe. Jaribu hivyo na betri yetu ya kweli, umemaliza betri ya muhula. Tena kwenye bureti sita kuna wale wanaowahi na wale wanaosukumwa nyuma, na wanaosukumwa nyuma aghalabu ni walewale mwaka mzima. Mbele ya skrini angalau wote wanaona.

Wasiwasi wangu ulianza na maji.

Kuna programu moja tuliyowekewa yenye bika, moto na kipimajoto. Unabonyeza, mstari mwekundu unapanda hadi 100, unasimama. Kila mara. Wiki iliyofuata gesi ikapatikana, tukachemsha maji ya kweli. Msichana mmoja aliangalia kipimajoto, akaangalia tena, kisha akaandika 100 kwenye daftari. Nilikuwa nyuma yake.

“Umesoma ngapi?”

“Tisini na sita, mwalimu.”

“Na umeandika ngapi?”

“Mia. Hiki kipimajoto ni kibovu.”

Nikamletea vingine viwili. Tisini na sita, na tisini na sita na kitu. Akafikiri. “Basi vyote ni vibovu. Si vilinunuliwa pamoja?”

Kusema kweli, hilo ni jibu zuri. Kuna wakaguzi wa hesabu wanaolipwa vizuri ambao hawangeliwaza. Tukatuma mtu kwa duka la soda alete barafu, tukavitumbukiza vyote kwenye barafu inayoyeyuka, vikashuka hadi sufuri kama inavyotakiwa. Kwa hivyo havikuwa vibovu. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, “Sasa KNEC wanataka ipi?”

Nimelifikiria swali hilo kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa darasani. Ni rahisi kusema huyu mtoto amekaririshwa. Mimi sioni hivyo. Alikuwa na sababu nzuri sana ya kulitilia shaka jicho lake. Kitabu kilisema 100. Skrini ilionyesha 100. Upande wa pili kulikuwa na kijiti cha kioo kutoka kwa kabati la shule isiyo na hela. Wewe ungeamini nini? Na kuamini neno la wengine si dhambi. Mimi sijawahi kupima umbali wa jua, nimeambiwa tu, na nimekubali. Karibu kila ninachokijua nimekipata hivyo.

Kosa liko kwingine. Yeye alihesabu mashahidi wawili dhidi ya mmoja, kumbe shahidi alikuwa yuleyule. Aliyeiandika programu alisoma 100 kwenye kitabu, akaiweka ndani. Skrini haikuchemsha maji yoyote. Lakini ina moto, ina mvuke, ina mstari unaopanda polepole, na wewe unatoka hapo ukisema nimeona. Kitabu hakikudanganyi kwa namna hiyo. Kitabu kinakaa pale kama kitabu, unajua umeambiwa. Skrini inakuambia kitu huku ikikupa hisia ya kwamba umekishuhudia, na ukishaamini umeshuhudia hutakuwa na haja ya kwenda kuangalia.

Royal Society ya London, iliyoanzishwa mwaka 1660, ilijichagulia kauli ya Kilatini, Nullius in verba, yaani usichukue tu neno la mtu. Lakini mfano ninaoupenda uko karibu zaidi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari, na ilibidi uache yapoe kwanza. Nafasi kwenye friza ilikuwa inaisha, akayaweka yakiwa moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alipouliza darasani, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Miaka baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyewatembelea. Wenzake walicheka. Osborne aliporudi chuoni akaagiza ijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa hali zipi, na hilo halinisumbui hata kidogo. Ninachokiwaza ni Mpemba akiwa na tableti. Kwenye tableti maziwa ya moto yangeganda baadaye, kila mara, manake ndivyo alivyoamua aliyeiandika. Kusingekuwa na chochote cha kuuliza.

Nilimweleza haya mwenzangu wa idara, mzee aliyefundisha tangu mimi niko shule ya msingi. Alinisikiliza hadi mwisho. “Mwalimu, hawa watoto wanataka C plus waingie chuo. Hiyo tisini na sita yako itawafikisha wapi?”

Halafu akanikumbusha kitu ambacho watetezi wa maabara ya kweli, mimi nikiwemo, hatupendi kukisema kwa sauti. Kwenye karatasi ya tatu ya kemia ya KCSE, mtihani wa vitendo, kuna maksi ya usahihi ambayo hutolewa kwa kulinganisha jibu lako na lile alilolipata mwalimu wa shule yako. Kuna mantiki yake: kemikali za shule moja si sawa kabisa na za nyingine. Lakini mtoto anaelewa nini? Anaelewa kwamba kupima vizuri ni kukaribia namba ya mwalimu. Na yeyote aliyesoma Kenya anajua kwamba neno “kupika” likitajwa ndani ya maabara halihusu chakula. Kwa hivyo nisije nikasema kioo ni kweli na skrini ni uongo. Vijana wetu wamekuwa wakiandika namba wasizoziona tangu kabla ya projekta kufika. Mzee alikuwa na haki. Skrini haikuleta ugonjwa huu, iliukuta.

Ndiyo maana siku hizi sigombani na kompyuta kwa jumla. Natofautisha inayoonyesha na inayopima. Simu yangu, kama baadhi ya simu za siku hizi, ina kihisi cha mgandamizo wa hewa. Niliwasomea darasani: hektopaskali 885 hivi. Ufuoni Mombasa ingekuwa kama 1,013. Hapo ndipo 96 ilipopata maelezo, na maelezo yalitoka kwenye kifaa cha dijitali, lakini kifaa kilichokuwa kinagusa hewa ileile tuliyokuwa tunaivuta. Hakuna aliyejua kitasema nini kabla hatujakiangalia, hata mimi. Kichekesho ni kwamba mwanafunzi akikamatwa na kifaa hicho langoni, kinanyang'anywa hadi mwisho wa muhula.

Vivyo hivyo na ziwa. Tunafundisha jinsi mbolea na maji taka yanavyolisha mwani hadi oksijeni inapungua majini, na kuna vibonzo vizuri sana vya kuonyesha hilo, ziwa la buluu linageuka kijani, samaki wanaelea. Dunga si mbali na lango letu. Ghuba ya Winam iko pale, na gugumaji lake, na mara nyingine rangi ambayo hakuna msanii wa vibonzo angeichagua. Lakini kupeleka watoto hamsini na nne Dunga kunataka barua za wazazi, nauli, mwalimu wa pili na alasiri nzima. Projekta inataka stima tu. Skrini hushinda kwa sababu hiyo, si kwa sababu inafundisha zaidi, na natamani tungekuwa tunalisema wazi tunapoisifu. Manake shule kubwa za bweni hazikutupa bureti zao zilipopata kompyuta. Wao wameongeza. Sisi tunaambiwa tubadilishe. Mtoto wa Nyalenda ataona titresheni, na mtoto wa huko ataifanya, na wote watapewa karatasi moja ya mtihani.

Kuhusu KNEC, nilimjibu yule msichana aandike “100 kwenye usawa wa bahari”. Akauliza hayo maneno mengine manne yana maksi ngapi. Nikamwambia kwenye mtihani wangu yana moja, kwenye wa nje sina uwezo. Alikubali, lakini kwa sura ya mtu aliyepunjwa chenji.

Juzi tuliombwa orodha ya mahitaji ya mwaka ujao. Fomu ilikuwa na sehemu kubwa ya vifaa vya dijitali na mistari miwili ya “mengineyo”. Kwenye mengineyo niliandika gesi, bureti kumi na mbili, na vipimajoto kutoka maduka mawili tofauti. Fomu imerudi na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, pembeni mwa maduka mawili.