Kilichotupwa ni cha Nani?

Mwezi huu tunaleta mbele yenu swali ambalo limetusumbua sisi wenyewe: je, kitu kilichotupwa ni cha nani? Swali hili hatukulipata katika chuo cha Biblia. Tulilipata nyuma ya kanisa letu, mahali ilipokuwa imewekwa spika mbovu.

Wengi mnaikumbuka spika ile. Ilitutumikia ibada baada ya ibada, mpaka karatasi yake ikapasuka na sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Tukaitoa nje. Siku moja kijana wa kwaya akatuuliza kama anaweza kuifungua ili atoe sumaku. Tulikuwa na haraka, tukamjibu: "Chukua tu, mwanangu, hizo ni takataka." Akaleta bisibisi na nyundo, akaivunja. Jumapili iliyofuata mama mmoja mjane akatujia, akasema kwa upole: "Mchungaji, spika ile tuliinunua akina mama kwa fedha za maharage. Nani alisema ni takataka?" Hatukuwa na jibu.

Fundi redio wa sokoni akatuongezea aibu. Alitueleza kwamba ndani ya spika kuna duara zito la sumaku, na katikati yake koili ya waya mwembamba. Umeme wa sauti ukipita katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma, karatasi ikatetemeka, nasi tukasikia wimbo. Karatasi huchakaa na koili huungua, lakini sumaku hudumu miaka mingi sana. Basi spika yetu ilikuwa mgonjwa, haikuwa maiti. Ingeweza kuwekewa karatasi mpya. Lakini sumaku ikishabanduliwa kwa nyundo, ni vigumu kuirudisha sawasawa, kwa maana nafasi ya koili ni nyembamba mno.

Duara lile jeusi huitwa feriti. Msingi wake ni unga kama kutu ya chuma, unaochanganywa na madini mengine na kuchomwa kama chungu. Zamani spika nyingi zilikuwa na sumaku ya alniko, yenye kobalti ndani yake. Lakini mwaka 1978 vita vilipiga Kolwezi, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati ule, na bei ya kobalti ikapanda sana. Wenye viwanda wengi wakaiacha alniko, wakahamia kwenye feriti. Tazameni, ndugu: vita vya nchi yetu viliingia mpaka ndani ya spika za watu wa mbali. Jiwe la thamani likawekwa kando, na kutu ikachukua nafasi yake. Basi anayesema "hii ni takataka" anasema jinsi anavyoona yeye, siku ile. Sisi tuliokimbia tulipaswa kulijua hilo kuliko wengine, maana nasi tumewahi kuitwa majina na watu wasiotuuliza sisi ni nani.

Sasa turudi kwenye swali. Katika Walawi 19:9-10 Mungu anamwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asiokote masazo, kwa sababu hayo ni ya maskini na mgeni. Kwa hiyo anayeokota si mwizi, na asidharauliwe. Lakini mtazameni Ruthu. Alikuwa mgeni na mjane, haki ya kuokota alikuwa nayo, na bado aliomba ruhusa kwanza (Ruthu 2:7). Naye Boazi, aliyekuwa na shamba, aliwakataza vijana wake wasimwaibishe. Mwokotaji anauliza, mwenye mali anamheshimu mwokotaji. Pande zote mbili zina wajibu.

Katika habari yetu, kijana aliuliza kama Ruthu. Aliyekosa ni sisi, kwa sababu tulitoa ruhusa juu ya kitu kisichokuwa chetu. Kugawa mali ya mwingine si ukarimu, hata kama mali yenyewe imevunjika. Tuliwaomba akina mama msamaha mbele ya kanisa, nao wakatusamehe.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla ya kufungua redio, spika au kompyuta iliyokufa, tujiulize mambo matatu.

Kwanza, ni ya nani? Nani aliichangia, na ameulizwa?

Pili, imekufa kweli? Fundi ameiona?

Tatu, itamdhuru nani? Hapa tunasema na wazazi kwa mkazo. Sumaku za ndani ya kompyuta ni ndogo, lakini zina nguvu nyingi. Zinaweza kubana kidole mpaka damu itoke. Mtoto akimeza mbili, zinavutana ndani ya tumbo, zinabana utumbo katikati na kuutoboa. Akimeza, msingoje kuona kama ataumwa. Mkimbizeni zahanati saa ile ile.

Kijana wetu aliifunga sumaku ile kwenye fimbo. Tulipobomoa paa la zamani la kanisa, alitembea uwanja mzima akiokota misumari, mahali watoto wetu wanapocheza bila viatu. Misumari ikanyooshwa, ikapigiliwa kwenye benchi za akina mama. Hatusemi kwamba benchi zimelipa spika. Deni liko palepale, na mchango wa spika nyingine umeanza. Sisi tulioisema vibaya ile ya kwanza tumetangulia kutoa.

Bwana atupe macho ya kuona vizuri kabla ya kutupa, na kinywa cha kuuliza kabla ya kuokota. Amina.

Mchungaji wenu