Udongo wa Msituni ni wa Nani?

Miche tuliyoipanda kuzunguka kanisa mvua zilizopita imeshika vizuri, na wengi wametupongeza. Nami nilizipokea pongezi hizo kwa furaha, mpaka siku ile mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliponishika mkono, akanipeleka msituni na kunionyesha shimo. "Mwalimu," akasema, "miti yenu mizuri imetoka hapa."

Kweli ilitoka pale. Vijana wetu walikuwa wamechota udongo mweusi wa juu, mkokoteni baada ya mkokoteni, wakajaza viriba vya kitalu. Mimi ndimi niliyewatuma.

Mzee hakudai malipo. Alichosikitikia ni uyoga. Mahali pale mkewe alikuwa akichuma uyoga kila masika, na safari hii hakupata hata kikapu kimoja. Wataalamu wa misitu watakuambia kwamba miti ya miombo na uyoga wake huishi kwa kusaidiana: nyuzi nyembamba za uyoga huizunguka mizizi na kuiletea chakula cha ardhini, na mti nao huulisha uyoga. Nyuzi hizo zimejaa katika tabaka lile lile la juu tulilolichota. Kumbe tulipodhani tunachukua udongo tu, tulichukua na mboga ya mtu.

Basi hapo pana swali, nalo si jepesi. Je, kazi ikiwa njema, kile kinachochukuliwa kwa ajili yake kinahalalika? Nilijitetea moyoni kwamba miti ni kwa faida ya wote. Lakini "wote" hao hawakuwa na yule mama mwenye kikapu ndani yake.

Sisi wa Tabora tulitakiwa kuwa wepesi wa kulitambua jambo hili. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe kwenda Ujiji, na babu zetu Wanyamwezi walisifika kwa kubeba pembe za ndovu mabegani. Wenye biashara ile hawakujisumbua kuuliza ndovu watakwisha lini. Walipopungua huku, walisogea mbele. Kufikia miaka ya 1870 walikuwa wameshafika Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Shimo letu nalo lilianza kushika tabia hiyo. Mkokoteni wa kwanza ulichota karibu na barabara, wa mwisho ulikwenda mbali zaidi, na hakuna aliyeona ajabu.

Wapo walioshauri tununue ule udongo mwepesi wa mifuko unaoitwa pitimosi, unaotoka Ulaya na kuuzwa katika maduka ya pembejeo. Ni safi, hauna magugu. Lakini nao una shimo lake, ila sisi hatulioni. Ni mabaki ya mimea yaliyolala katika vinamasi bila kuoza sawasawa, nayo huongezeka kama milimita moja tu kwa mwaka. Kina cha mita moja ni kazi ya miaka 1,000 hivi. Jirani zetu wa Burundi huchimba udongo wa namna hiyo na kuukausha uwe kuni. Nasi tunavyo vinamasi vya Malagarasi, mto ambao misafara ya Ujiji ililazimika kuuvuka. Tangu mwaka 2000 vimo katika orodha ya kimataifa ya maeneo oevu yanayostahili kutunzwa. Sipendi tujifunze kuvitazama kama ghala.

Mwaka huu akina mama wa kanisa wameanzisha lundo nyuma ya jiko: majani makavu ya miembe, samadi, majivu kidogo na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni. Hugeuzwa kila baada ya wiki tatu. Mara ya kwanza tuliharakisha, samadi ikiwa bado ya moto, na miche mingi ikaungua mizizi. Nakiri kwamba siku hiyo niliutamani mkokoteni. Sasa tunangoja miezi minne, tunachekecha, tunachanganya na mchanga wa korongoni na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi. Kwa miti ya asili, kama mninga, tunaongeza konzi moja ya udongo kutoka chini ya mti wa aina yake, ili miche ipate vijidudu vyake. Konzi, si gunia.

Ni kazi ya polepole, na miche imepungua. Mjumbe mmoja wa halmashauri aliuliza kama inafaa kupanda miti michache hivyo wakati jua linatuchoma. Sikumjibu vema. Nilimwomba tu anisindikize shimoni Jumamosi, maana tunalifukia kwa majani, na yule mzee amesema atakuwapo.