Je, Mapatano Yatosha Kuwa Haki?

Vijijini husikika mara nyingi neno hili: «Alikubali mshahara huo mwenyewe, basi asinung'unike.» Neno hilo laonekana kuwa sawa, kwani mtu mwenye akili na hiari hufungwa na ahadi yake. Lakini lafaa kupimwa vema, maana uonevu mwingi hujificha ndani yake.

Mtu ameanguka katika shimo refu la kutegea nyama. Mpita njia amwambia: «Nitakutupia kamba ukinipa shamba lako lote.» Naye akubali. Je, amekubali kwa hiari? Kinywa chake kimesema ndiyo, lakini aliyejibu ni shimo. Ndivyo alivyo baba mwenye watoto wenye njaa, asimamapo peke yake mbele ya tajiri wa shamba la kahawa. Tajiri aweza kungoja mwezi mzima. Baba yule hawezi kungoja siku tatu. Wote wawili huitwa watu huru, lakini uhuru wao si sawa.

Papa Leo XIII alilieleza jambo hili katika barua yake Rerum Novarum, ya tarehe 15 Mei 1891. Alifundisha kwamba kazi ina sura mbili. Kwanza, ni mali ya mtu, kwa kuwa nguvu ni zake. Kama ingekuwa hivyo tu, angeweza kuiuza kwa bei yoyote, hata kuitoa bure. Pili, kazi ni ya lazima, kwa kuwa maskini hana njia nyingine ya kupata chakula. Na kuutunza uhai ni wajibu wa kila mtu. Kwa hiyo iko haki iliyotangulia mapatano yote: mshahara usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi mwema asiye na anasa.

Labda mtu atauliza: Je, katika mfano wa shamba la mizabibu, bwana hakuwakumbusha vibarua kwamba walipatana naye dinari moja? Ni kweli. Lakini dinari ilikuwa mshahara wa kawaida wa siku nzima, na bwana yule aliwapa dinari nzima hata wale wa saa ya mwisho. Hakuyatumia mapatano ili kupunguza, bali alitoa kupita mapatano.

Basi mnyonge afanye nini? Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Papa Leo alifundisha kwamba watu wana haki ya asili ya kuungana katika vyama, wala serikali haina ruhusa ya kuifuta haki hiyo. Chama cha wafanyakazi, yaani sendika, humpa maskini nguvu ya kungoja. Hapo ndipo neno lake ndiyo huwa ndiyo ya kweli.

Kongo yajua hasara ya kuikataa haki hiyo. Mwaka 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilipanda sana, na wafanyakazi weusi wa migodi ya Katanga wakaomba nyongeza. Hawakuwa na ruhusa ya kuunda sendika. Walipogoma, askari waliwapiga risasi mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 9 Desemba. Makumi ya watu walikufa, na miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Ruhusa ya sendika kwa Waafrika ilitolewa mwaka 1946, nayo ilikuwa na masharti mengi. Leo Katiba ya mwaka 2006 yakubali uhuru wa sendika na haki ya kugoma.

Lakini haki hufuatana na wajibu. Mfanyakazi atimize kazi yake kwa uaminifu, asiharibu mali ya bwana wake, asimpige mwenzake asiyetaka kuingia katika chama. Tajiri naye ana haki ya mali yake. Papa Pius XI aliandika mwaka 1931 kwamba hali ya kazi yenyewe itazamwe, ili mshahara usiiangushe. Ila tajiri mvivu au mzembe asiwalipishe wafanyakazi makosa yake.

Tena mtu asidhani kwamba maneno haya yawahusu wenye migodi peke yao. Mkulima anayemwita mtoto wa mjane kumlimia mihogo, akijua kwamba nyumbani kwao hakuna unga, naye ni tajiri siku hiyo. Akisema, «Alikubali mwenyewe,» ajiulize ni nani aliyekubali: kijana yule, au njaa yake? Torati ya Musa iliagiza kibarua alipwe kabla ya jua kuchwa. Basi jioni ile ndipo mkulima atapima haki yake, kijana atakaponyosha mkono kupokea.