Maoni ya Kukopa

Mwaka 2016, kwenye kijiwe kimoja cha kahawa Kasulu mjini, niliwaona watu wawili wakigeuka bila kujua kwamba wamegeuka. Mmoja mzee wa CCM, kadi yake ya tangu enzi za chama kimoja. Mwingine kijana wa bodaboda, NCCR-Mageuzi damu. Walikuwa wakigombania mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ule tuliozoea kuuita EPA. Hakuna aliyekuwa ameusoma. Hata mimi sikuwa nimeusoma wakati ule, na sikunyamaza.

Nikumbushe kidogo. Oktoba 2014 wajumbe wa nchi zetu waliweka herufi za mwanzo za majina yao kwenye rasimu, ishara kwamba majadiliano yamekwisha. Kwa miaka 25 tungefungua, hatua kwa hatua, asilimia 82.6 ya soko letu kwa bidhaa za Ulaya bila ushuru. Kenya ilikuwa na haraka, kwa sababu yenyewe haimo katika kundi la nchi maskini kabisa, na maua yake yalishaonja ushuru wa Ulaya miezi ya mwisho ya mwaka ule. Sisi Tanzania tumo katika kundi hilo, kwa hiyo bidhaa zetu, silaha tu zikiondolewa, zinaingia Ulaya bila ushuru hata tusiposaini chochote. Julai 2016 serikali ikasema haisaini, na moja ya sababu ni kwamba Uingereza imepiga kura kujitoa. Mzee Mkapa akaandika kuupinga. Septemba Kenya na Rwanda wakasaini. Novemba Bunge letu likaukataa, na wabunge wa upinzani, walewale waliokuwa wakisusia vikao mwezi Juni, safari hii wakawa upande mmoja na CCM.

Sasa rudi kijiweni. Mwaka 2014, chini ya Kikwete, mzee alikuwa akitusimulia kwamba mkataba ni busara ya serikali. Chini ya Magufuli ukawa ukoloni mamboleo. Kijana, mwezi Julai, alitetea kusaini kwa nguvu zote: "Wanaogopa ushindani hawa!" Novemba, siku mbili baada ya habari za Dodoma, aliegesha pikipiki, akaagiza kahawa na kashata, akasema, "Si tuliwaambia tangu mwanzo?" Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, nami nikaambiwa sielewi siasa.

Mtu wa Kasulu au Kibondo hatashangaa. Majimbo yetu ya Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe yote yalikwenda NCCR-Mageuzi mwaka 2010, na yote yakarudi CCM mwaka 2015. Nyumba moja inaweza kuwa na bendera mbili, na mtoto akajua ni ipi ya baba na ipi ya mama mdogo kabla hajajua kuandika jina lake. Chama huku kinarithiwa kama shamba.

Ni rahisi kuwacheka, lakini nimekaa na jambo hili miaka kadhaa na nimepunguza kicheko. Mtu mwenye ekari mbili za maharage na pikipiki ya mkopo atasoma lini mamia ya kurasa za vifungu na viwango vya ushuru? Sote tunaishi kwa maoni ya kukopa. Nakunywa vidonge bila kujua vilivyotengenezwa, napita juu ya daraja bila kukagua nondo. Chama ni mahali pa kukopa maoni kuhusu mambo yasiyoingia kwenye kichwa cha mtu mmoja. Anayesema kila raia afikiri peke yake kila jambo anazungumza kama mtu asiye na shamba la kupalilia.

Kwa hiyo sioni kwamba kukopa ni kosa. Swali langu ni jingine: anayekopa anadaiwa nini?

Kuna kisa cha Uingereza ambacho walimu wa siasa hupenda kukitaja nusu. Mwaka 1774 Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wake wa Bristol kwamba mbunge anadaiwa nao kazi na pia akili yake mwenyewe, si kutumwa tu. Nusu inayoachwa ni hii: mwaka 1778 akaunga mkono kuilegezea Ireland masharti ya biashara, na wafanyabiashara wa Bristol, waliohofia mifuko yao, wakakasirika. Mwaka 1780 aliona hapenyi, akajitoa. Kawaida tunamsifu Burke. Ila mimi nawatazama wale wafanyabiashara. Pengine walikuwa wachoyo, pengine walikosea hesabu. Lakini walimwandikia. Walimweleza wanachokijua kuhusu bandari yao, naye akawajibu. Hilo ndilo deni, na wao walililipa.

Sisi je? Ndani ya kelele zile za EPA nilikwenda Kibondo, nikakuta mama mmoja anayenunua maharage vijijini na kuyapeleka upande wa Mabamba, mpakani na Burundi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo bei anapatana bila mkalimani. Nilimweleza habari za mkataba. Akaniuliza swali moja tu: "Unazuia maharage yangu kuvuka?" Nikasema hapana, hauna habari na mpaka wa Mabamba. "Haya, mwanangu, sogea nipime." Kwa swali lake moja alikuwa ameuchunguza mkataba kuliko kijiwe kizima: aliutafuta mahali unapogusa mizani yake. Kwetu sisi mkataba haukugusa kitu, ndiyo maana tulikuwa wakali kiasi kile. Kupiga kelele hakukutugharimu hata shilingi.

Gharama ilikuja baadaye, kwa njia nyingine. Wakimbizi wa Burundi walikuwa Nduta, wilayani Kibondo, na Nyarugusu, Kasulu, pamoja na Wakongo waliotangulia. Palikuwa na masoko ya pamoja, mwanakijiji na mkimbizi wanauziana. Mihogo, mawese, chumvi, vitenge, sabuni. Kufikia 2019 masoko hayo yalikuwa yamefungwa. Wapo waliotaja usalama, na sisemi hoja hiyo ni ya kupuuzwa. Mtu aliyeibiwa usiku ana haki ya kuuliza nani anazunguka kijijini kwake. Lakini kufunga soko nako ni sera ya biashara. Hiyo ilikuwa biashara huria yetu, ya kutembea kwa miguu na beseni kichwani, na hapo hatukuhitaji profesa wa kututafsiria. Kila mtu alijua nani amepoteza mtaji, kwa jina na kwa mlango.

Basi nikangoja kijiwe kichemke kama 2016. Hakikuchemka. Mzee alisema serikali inajua inachofanya. Kijana alisema chama chake hakijatoa tamko. Juu ya Brussels walikuwa na sauti. Juu ya jambo wanaloliona kwa macho yao wakasubiri kukopeshwa.

Na hapa ndipo nisipoweza kuwatetea. Mke wa mzee alikuwa na meza kwenye soko la Nyarugusu. Mawese na chumvi. Siku za soko alikuwa akiondoka kabla ya alfajiri, na ada ya shule ya mjukuu ilitoka kwenye meza ile, mzee mwenyewe ndiye aliyeniambia zamani, kwa kujivuna. Alikuwa na habari ambayo chama chake hakikuwa nayo, au kilikuwa nayo kwenye karatasi tu bila uso wa mtu.

Nilimsubiri wengine wapungue. "Mzee wangu, kwenye kikao cha tawi ulilisema hili la mama?"

Alizungusha kikombe, akatazama machicha ya kahawa.

"Halikuwa kwenye ajenda, mwanangu."