Je, Shauri la Bure Lina Dhamana?

Wapo watu wapendao kutengeneza vyombo vyao kwa mikono yao wenyewe, nao hushauriana bila malipo. Jambo hili ni jema. Lakini shauri likimletea madhara aliyelifuata, je, aliyelitoa ana dhamana? Wengi hujibu: "Hana, kwani hakulipwa kitu." Basi na tulipime jibu hili.

Mtu huuliza: "Fyuzi ya nyumbani kwangu huungua kila mara, nifanyeje?" Mwenziwe humwambia: "Tia waya mnene zaidi." Taa zitawaka, naye atashukuru. Lakini fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla nyaya zilizomo ukutani hazijapata moto kupita kiasi. Mlinzi huyo akiondolewa, nyumba yaweza kuteketea usiku, watoto wamelala. Je, msiba huo utapungua kwa kuwa shauri lilikuwa la bure?

Mahakama za Uingereza zimelikabili swali hili. Mwaka 1963, katika kesi ya Hedley Byrne na Heller, Baraza la Malodi lilikubali ya kwamba mtu aweza kudaiwa kwa maneno aliyoyatoa kwa uzembe, ijapokuwa hapana mkataba, ikiwa alikubali kutegemewa. Mwaka 1988 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya mwanamke aliyemwomba rafiki yake amtafutie motokaa iliyokwisha tumika, ila isiwe imepata ajali. Rafiki huyo hakuwa fundi wala hakulipwa. Aliona dalili kwamba boneti imenyoshwa au kubadilishwa, asiulize, akaisifu. Mwanamke alitoa paundi 4,500. Kumbe motokaa ilikuwa imeharibika vibaya katika ajali. Rafiki alipatikana na dhamana, ingawa jaji mmoja alikuwa na shaka kama yafaa kuutwika urafiki mzigo huo.

Karne nyingi kabla ya hapo, Mtume Mtukufu (s.a.w.) alifundisha, kama ilivyopokewa katika Abu Dawud, ya kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa elimu ya utabibu, dhamana ni juu yake. Angalia, ndugu msomaji: kipimo hapa ni elimu, wala si ujira.

Pengine mtu atasema: "Basi nitatangaza kwamba mimi simo, nisalimike." Ni kweli kwamba mwaka 1963 benki iliyoshtakiwa iliokoka kwa sababu ilitanguliza maneno ya namna hiyo. Lakini maneno yamwokoayo msemaji mahakamani hayamwokoi msikilizaji na moto.

Wala kunyamaza si dawa, kwani ajuaye akinyamaza, asiyejua ndiye atakayesema. Yapasa mshauri, kwanza, aseme alijualo na jinsi alivyolijua. Pili, ataje hatari iliyopo. Tatu, ujuzi wake ukikoma, ampeleke mwenziwe kwa fundi. "Sijui, muulize fundi" nalo ni shauri, na huenda ndilo litakaloiokoa nyumba.